Swali la Saba

Nilipewa fishi mia mbili, biki mbili za bluu
na amri moja: kisanduku kimoja, jibu moja.
Swali la saba: nyumbani mnasema lugha gani?
Swali la nane: Kiingereza mnakijua kiasi gani?
Vizuri sana, vizuri, kidogo, hapana.

Nikaanzia Cimpunda, kule juu,
ambako mvua ya juzi ilikuwa imekula nusu ya njia
na mtu hupanda akishika kuta za watu.

Mama Nsimire alikuwa akichambua sambaza kwenye sinia.
"Andika Kiswahili," akasema.
Halafu akageuka, akamkemea mbuzi kwa Mashi.
"Huyu tulimtoa Walungu. Kiswahili hasikiake."

Basi nikainua biki.
Lakini mume wake, askari wa zamani,
hukasirika kwa Lingala;
madeni huyahesabu kwa Kifaransa, maana kwa Kifaransa
hata deni huvaa tai.
Na Mungu? nikauliza, ingawa fishi haikuuliza.
Kanisani, Kiswahili.
Ila mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku
wanamwita Nyamuzinda, yule anayesikia Mashi
bila mtu wa kumtafsiria.

Kisanduku kilikuwa na upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Asifiwe, kifungua mimba, hakungoja swali la nane.
"Vizuri sana. Andika, papa, andika."
Mtaani imesikika kwamba majina ya wenye Kiingereza
yatashuka hadi Muhumba, yanakolala magari meupe.
Kila Jumamosi anajifunza nyuma ya kanisa,
chini ya bati linalovuja,
kwa mwalimu aliyewatangulia kurasa kumi tu.

Babu yao, Mzee Cirhuza, akacheka bila sauti.
Aliendesha lori mpaka Kampala miaka tisa.
Kiingereza chake ni maneno manne:
simama, toa karatasi, lipa, rudi.
"Yote ni ya kuamriwa," akasema.
"La kujibu, sikupewa hata moja.
Sasa hiyo ni kidogo, ao ni vizuri?"

Sikujua. Nikaiacha wazi.

Ndipo bibi, niliyedhani amelala kwenye mkeka,
akafungua jicho moja:
"Na weye? Kwako munasemaka nini?"

Kwangu ni Panzi, chumba kimoja.
Anayesema zaidi ni redio.
Binti yangu Ntakwinja alivuka Ruzizi na begi moja,
akaolewa mbali, akazaa mbali.
Mjukuu ana miaka minne. Hunitumia sauti kwenye simu,
sekunde kumi na moja, Kiingereza kitupu,
na katikati yake, kama jiwe ndani ya mchele,
neno moja ninalolijua: koko.
Koko ni mimi.
Kinachofuata ni swali; najua kwa sababu sauti
hupanda mwishoni kama njia ya hapa.
Kila mara namjibu ndiyo kwa Kiingereza,
neno pekee nililo nalo.
Sijui mpaka leo nimemkubalia nini.

Nikatoa simu. Nikampa Asifiwe.
Akaiweka sikioni, akasikiliza.
Akasikiliza tena.
Sambaza zilinuka jua. Mbuzi akakohoa.
Akasikiliza mara ya tatu, macho yakiwa chini,
akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima,
kama mtu arudishaye sahani tupu.
"Anauliza kitu," akasema.

"Vizuri sana" yake sikuifuta.
Na kwenye swali la saba niliandika "yote",
herufi ndogo kadiri nilivyoweza,
lakini ile e ikavuka mstari,
ikaingia kwenye kisanduku cha nyumba ya pili.

Biroo watanirudishia fishi hiyo.
Wanirudishie.
Bado nina nyumba mia moja tisini na tisa,
na sauti moja ambayo sijaijibu.